Asasi Yetu ya Kuwasaidia Walioibiwa

Waziri alilipiga gazeti kofi hadi kikombe cha Betri kikaruka.

"Sikilizeni nyie! Serikali imetenga fungu kwa asasi zinazosaidia wahanga wa uhalifu. Ruzuku! Mwisho wa maombi Ijumaa!"

Gazeti lenyewe lilikuwa la Betri, la kufungia vioo vya simu. Betri ni fundi simu, na mkoba wake umejaa simu za watu zilizokuja kutengenezwa zikazeekea humo. Waziri hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa karani wa bohari, akastaafu na tai yake, na tai hiyo haijapumzika mpaka leo. Mimi wananiita Katibu kwa sababu nina kalamu inayoandika. Tunakaa mbele ya jiko la Shangazi, muuza kahawa, tangu saa mbili asubuhi mpaka wake zetu wasahau walichotaka kututuma.

"Wahanga ndio kina nani?" Betri akauliza.

"Walioibiwa, waliopigwa, waliovunjiwa."

"Basi hizo hela ni zangu! Mwaka huu nimeibiwa simu saba."

"Simu za wateja, Betri."

"Ndiyo maana inauma mara mbili! Mwizi kaniibia, halafu wenye simu wakanikunja shati."

"Fungu haliendi kwa mtu," Waziri akasema huku akiweka tai sawa. "Linakwenda kwa asasi isiyotafuta faida."

"Hapo nani wa kutushinda? Mimi tangu nianze ufundi sijaiona faida hata kwa mbali."

Tukaanzisha asasi palepale. Waziri akajiteua mwenyekiti, Betri akajiteua mkurugenzi wa vifaa. Mimi nikaachiwa ukatibu, cheo ambacho hakikugombewa maana ndicho chenye kazi. Nikageuza bahasha kuukuu, nikaandika kichwa cha habari, nikapiga mstari chini yake.

"Soma masharti," nikamwambia Waziri.

"Mwombaji aonyeshe kwamba amewahudumia wahanga kwa muda usiopungua miaka miwili. Huduma zenyewe: kuwasikiliza, kuwasindikiza polisi na mahakamani, na kuwasaidia mashahidi."

"Kusikiliza!" Betri akadakia. "Yule muuza mkaa alipoporwa, si alikaa hapahapa tukamsikiliza?"

"Mara tisa," nikasema, naandika.

"Na ushauri tukampa."

"Ushauri gani?"

"Tulimuuliza kwa nini alipita njia ile," akasema Waziri.

"Na kwa nini hakukimbia," nikaongeza.

"Na mimi nikamwambia ingekuwa ni mimi, huyo mwizi ningempiga mtama akaangukia mtaa wa pili," akasema Betri, ambaye mbuzi akimkaribia huinua miguu juu ya benchi.

"Muuza mkaa akasemaje?"

"Akatuomba radhi."

Nikaandika: mhanga mmoja, ametoka ameridhika.

"Kusindikiza sasa. Yule mama aliyevunjiwa duka, si tulimpeleka polisi?"

"Tulimpeleka mpaka kona ya polisi, Waziri. Pale kila mtu akakumbuka ameacha kitu jikoni."

"Mimi hata jiko sina," Betri akakiri.

"Na ndiwe uliyetangulia kukimbia!"

"Andika 'usindikizaji wa awali'," akaamuru mwenyekiti. Nikaandika.

Muda wote huo Shangazi alikuwa anapuliza makaa. Miezi mitatu iliyopita, akiwa njiani kurudi kwake, jamaa mmoja alimpora mauzo ya siku nzima na kumvunja kifundo cha mkono. Mpaka sasa anamimina kahawa kwa mkono wa kushoto, na nusu inaishia kwenye kisahani. Asubuhi hii ya gazeti alikuwa amevaa viatu vya kutokea na ameleta buli moja tu. Betri alishalalamika mara mbili kwamba buli moja halitatosha. Habari ya viatu hakuna aliyeuliza.

"Jamani, Shangazi!" Waziri akapiga paja. "Mhanga tunaye hapa na tunahangaika kutafuta wengine! Katibu, mwandike. Tulimhudumia huyu."

"Mlinihudumia nini?" Shangazi akauliza bila kuinua uso.

"Hospitali si tulikuja, watu watatu?"

"Mlikuja. Mkaniuliza kahawa itarudi lini."

"Ilikuwa kukutia moyo, Shangazi."

"Aliyenitia moyo ni yule dada wa asasi, wa chumba cha nyuma ya kinyozi. Alikaa na mimi kwenye foleni ya picha ya mkono tangu asubuhi mpaka wanafagia. Mahakamani kanipeleka mara mbili. Nyie mlikuwa hapa."

"Hao!" Betri akabinua mdomo. "Hao wa asasi wanakula hela tu."

"Wanakula mkate mkavu. Nimeuona, na nikamegewa."

Palepale akatokea dada mwenyewe, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi mpaka juu. Akamsalimia Shangazi kwanza, kisha akatugeukia.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba, mwanangu," Waziri akajibu, akilikalia gazeti. "Hivi na nyie mnaliomba hili fungu la serikali?"

"Tunaliomba. Tukilikosa, mwisho wa mwezi tunafunga mlango."

"Na kwa mfano tu, hela kama hizo mtu anazifanyia nini?" Alikuwa anapeleleza mshindani, hana aibu yule mzee.

"Nauli za mashahidi, kwa mfano. Zetu zimekwisha, ndiyo maana nimekuja kwa miguu." Akafungua faili. "Wajomba, kesi ya Shangazi inaitwa leo saa tano. Imeahirishwa mara mbili kwa kukosa shahidi. Hakimu amesema leo ni mwisho, asipopatikana mtu, mshtakiwa anaachiwa. Na mshtakiwa anashikilia kwamba hajawahi kukanyaga mtaa huu."

"Hajawahi?" Betri akaropoka. "Si alikaa hapa siku tatu mfululizo na kofia yake, na kahawa nikamnunulia mimi!"

Halafu akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Polisi walipokuja kutuuliza, sote watatu tulisema mtu huyo hatumjui. Waziri alifika mbali zaidi, alisema hata kofia haijui.

"Asante, mjomba," akasema yule dada taratibu. "Kuna kingine. Alikutwa na hii mfukoni."

Akatoa nakala ya karatasi. Sikuhitaji kuisogelea. Ilikuwa ramani, imepigwa kwa rula. Benchi lipo, kinyozi yupo, bomba la maji lipo, mshale unakata kushoto mpaka mlango wenye maneno "Kwa Shangazi". Juu kuna kichwa cha habari, chini yake mstari. Na pembeni, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu aliusifia mbele ya darasa zima: "Imechorwa na Katibu."

"Polisi walizunguka ofisi zote zenye makatibu," akasema dada. "Mnamfahamu Katibu yeyote?"

Waziri akanionyesha kidole. Betri akanionyesha vidole vyote kumi.

"Ngojeni kwanza!" nikapiga kelele. "Saa anayofunga Shangazi, nani alimwambia yule mtu? Si wewe, Waziri?"

"Alisema dada yake anaolewa! Anataka kuagiza kahawa ya shughuli!"

"Na kwamba hela anaziweka ndani ya kifuniko cha chupa ya chai?"

"Ni mimi," Betri akasema, akiangalia mkoba wake. "Nilikuwa namsifia Shangazi ni mjanja."

Mtu mmoja kasema saa ya kufunga, mwingine kataja pesa zilipo, wa tatu kachora njia na kuweka saini, halafu kahawa juu. Serikali ingetenga fungu la asasi zinazosaidia wahalifu, lote lingekuwa letu, na barua ya pongezi.

Nilikuwa nalijua hilo kwa miezi mitatu. Niliogopa kuitwa mshirika wa mwizi, basi kila asubuhi nakuja, nakaa, nampokea Shangazi kikombe anachokimwaga kwa sababu yangu, na kumwambia amwage taratibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Shangazi," nikasema, "ulikuwa unajua?"

"Waliponionyesha tu karatasi. Nani mwingine mtaa huu anapiga mstari chini ya kichwa cha habari?"

"Na hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekuja kukuchukua. Nilitaka useme mwenyewe." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nimekusubiri mpaka leo, mwanangu. Huyo mtu akiachiwa leo, kesho atapita hapa, na njia ya kwangu anaijua."

Alisema bila hasira. Afadhali angenitukana.

Waziri akakohoa. "Mimi ningekwenda, ila nina kikao..."

"Kikao cha nani?"

"Cha asasi."

Shangazi akachukua buli, akamwaga kahawa yote iliyobaki juu ya makaa. Moshi ukapanda. Kikao kikakosa ukumbi. Tukasimama wote, tukafuata njia, yule dada mbele na faili lake. Tulipofika kona ya polisi Betri alipunguza mwendo. Nikamshika mkanda, yeye akamshika Waziri tai, tukavuka hivyo hivyo kama watu waliofungwa kamba moja.

Mahakamani tukaketishwa ukumbi wa nje, kwenye benchi gumu kuliko letu. Kupitia mlango nilimwona yule jamaa, safari hii hana kofia. Akaniona, akatabasamu kama mtu aliyemwona rafiki. Nikaangalia mlango wa kutokea.

Yule dada akaja akakaa kushoto kwangu, akanishika kiwiko.

"Utaulizwa unachokijua tu, mjomba. Ukikwama, unatulia, unavuta pumzi. Mimi nitakuwa umbali huu huu."

"Na wakiniuliza kwa nini nilichora?"

"Unasema ukweli."

"Ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka asifie mwandiko wangu."

"Basi sema hivyo."

Akafungua daftari kubwa la asasi yake. Kila anayehudumiwa lazima aandikwe, akanieleza, ndiyo hesabu wanayoipeleka kwenye maombi ya ruzuku. Jina la Shangazi lilikuwepo tayari. Chini yake akaandika jina langu la kuzaliwa, na kwenye safu ya mwisho: shahidi, ana hofu, amesindikizwa.

Betri akachungulia. "Na sisi tuandike, dada. Mimi naogopa kuliko huyu."

Akawaandika wote wawili. Nikahesabu moyoni: kati ya wahanga waliohudumiwa asubuhi hiyo, watatu tulikuwa sisi.

Kulia kwangu akaja Shangazi. Alikuwa na kikombe cha maji ambacho alikitoa sijui wapi, amekishika kwa ule mkono uliovunjika, kwa hiyo alikuja pole pole sana ili kisimwagike.

"Kunywa," akasema. "Koo likikauka hutasikika."

Nikanywa maji yote. Karani akatoka mlangoni akaita jina langu, na Shangazi akapokea kikombe.