Nirudishiwe Ufunguo wa Sanduku la Mita

Jengo la Tumaini, Orofa ya Tatu,
Ziwani, Nairobi.

Kwa Bi. Wavinya, Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji, na kwenu nyote mliokusanyika uani kupiga kura iwapo mimi, Johnson Opicho, nihame au nibaki:

Pokeeni salamu zangu za heshima. Nimeishi nanyi miaka kumi na tisa. Nimebeba majeneza yenu, nimekula pilau za harusi zenu, na sijawahi kubisha hodi kuomba chumvi. Naomba basi barua hii isomwe yote, tena kwa sauti, kabla mikono haijainuliwa.

1. Nilipokonywa bisibisi, koleo na ufunguo wa sanduku la mita bila kusikizwa. Kiarie, mtunza jengo, alinivua ufunguo huo shingoni mbele ya mashemeji zangu waliotoka Bungoma, akisema, "Mzee Opicho, wewe si fundi. Wewe ni radi iliyostaafu." Mashemeji walicheka. Leo asubuhi wamenipigia simu kucheka tena.

2. Inasemekana sina leseni. Ni kweli. Hata hivyo, nilikuwa karani wa reli miaka ishirini na miwili, na ofisi yangu ilipakana na ya mafundi wa umeme. Ukuta ulikuwa mwembamba; nilisikia mengi. Mwenye leseni ni yule fundi aliyeitwa na mwenye nyumba taa ya ngazini ilipoungua, akajibu kwamba yuko njiani. Hii ni wiki ya kumi na moja. Mabehewa niliyoyajua mimi pia yalichelewa, lakini yalikuwa na aibu. Katika wiki hizo Mama Batulo wa orofa ya nne aliteleza gizani akavunjika mkono. Nilimsikia akishuka kidato baada ya kidato, bila miguu. Kesho yake nikafungua sanduku.

3. Taa iliwaka. Hakuna anayekana. Kwamba inawaka tu wakati Bi. Aloo wa orofa ya kwanza, mamake Jacklyne, anapopiga pasi ni suala la ratiba, si la umeme. Wapangaji wamezoea kusimama juu na kuita, "Mama Jacklyne, piga pasi tushuke!" naye hujibu, "Shukeni upesi, mboga inaungua!" Awali majirani hawa hawakuwa hata wakisalimiana. Malalamiko yake kwamba pasi haishiki moto, na kwamba ananyoosha blauzi ile ile ya kwaya tangu Jumatatu, nayaheshimu. Ila kwaya huimba kwa koo, haiimbi kwa blauzi.

4. Chuma cha kushikilia ngazini kinawasha viganja. Tangu kianze, watoto hawatelezi juu yake tena, na vijana waliokiegemea kutwa nzima wametafuta ajira. Bw. Okoth, ambaye hulala ibada yote, alikishika Jumapili akienda kanisani na akasikiliza mahubiri hadi amina. Mchungaji amejitahidi miaka sita bila kufikia hapo.

5. Kwa mantiki hiyo, anayestahili kuhama ni giza. Mimi nikabidhiwe pia pampu ya maji, lango kuu na vipaza sauti vya kanisa jirani. Sidai shukrani. Kibao kidogo chenye jina langu kitatosha.

Mkiamua kunihamisha, nihamisheni. Lakini Mama Batulo ana kliniki Alhamisi, na hawezi kushuka kwa ahadi ya mtu aliye njiani.

Nawasalimu wazee, kina mama, wanakwaya, na hata Kiarie, ambaye nimemsamehe yote isipokuwa lile la mashemeji.

Ni mimi jirani yenu, kwenye mwanga na kwenye giza,
Johnson Opicho.

Tanbihi: Huenda mmeshangaa kuona barua hii ikisukumwa chini ya mlango kwa mwiko wa ugali. Mlango wetu wa chuma unanguruma tangu asubuhi, na tukiugusa unatujibu. Triza, mke wangu, amesimama juu ya kiti cha plastiki na ameniamuru niandike "tafadhali" mara mbili. Tafadhali, tafadhali: Kiarie azime swichi kuu, kisha atafutwe fundi. Mwenye leseni. Kuhusu kura, Triza ameinua mkono nihame. Naomba uhesabiwe ingawa hamuuoni. Wangu wa kushoto nao uko juu, kwa kuwa sijui ni wapi salama pa kuushusha.