Tarehe ya Amplifaya na Shimo la Chumvi

Njooni, enyi wenye masikio mazima, na enyi ambao masikio yamewaaga pia njooni! Sogezeni vigoda, nyamazisheni watoto, teremsheni vyungu jikoni visije vikaungua, maana nataka kuwasimulia vita ambavyo hakuna hata mmoja aliyeniomba nivisimulie. Wengine wamesimulia habari za wafalme waliovunja ngome, na za majemadari waliovuka mito iliyofurika huku mishale ikiwanyeshea vichwani. Mimi nitawasimulia habari za mtu aliyefungua kiti cha gari, akatia amplifaya chini yake, akakifunga tena, na bolti moja ikabaki. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, tuanze.

Shujaa wa tarehe hii, yaani historia hii ya vita, ni mimi. Mwandishi wake pia ni mimi, kwa sababu nilipotangaza nafasi hizo mbili hakujitokeza mwingine. Mimi ni Mpima Ardhi, mwana wa Refa, Bwana wa Kamba na Vigingi, Mwamuzi wa Mipaka, Msuluhishi wa Majirani Wagombao kwa Upana wa Kiatu, ambaye akiinamia darubini yake ya upimaji vilima husimama wima na mabonde huona haya. Sifa hizo nimejipa mwenyewe. Nyumbani kwangu naitwa "wewe".

Sasa sikieni chanzo cha vita. Baba yangu alikuwa refa wa mpira, mtu aliyekaa zaidi na filimbi mdomoni kuliko alivyokaa na kijiko. Alipostaafu alinipa gari lake, ila redio hakunipa. Gari lilikuwa langu likiwa barabarani. Likishaegeshwa uani, kiti cha mbele cha abiria na redio vilikuwa milki yake. Ilikuwa redio ileile iliyotoka na gari kiwandani, na vidole vyake vilijua kila kitufe chake hata macho yakiwa yamefumba. Kila Jumamosi mechi ikianza, mzee aliketi humo, mlango wazi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akabishana na mtangazaji. "Penalti gani hiyo? Wewe ulikuwa umekaa wapi? Hebu niambie, ulikuwa umekaa wapi?" Na mtangazaji, maskini, hakuwahi kumjibu.

Ikawa miaka ikaenda na masikio yake yakaenda nayo. Mwanzo alisema watangazaji wa siku hizi wananong'ona. Akakizungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma, spika zikaanza kukwaruza, maneno yakavurugika yakawa uji. Kisha Jumamosi moja nilitoka kumpelekea chai, nikamkuta ameinama, sikio ameligandamiza kwenye spika ya mlango, uso umekunjamana kwa kujitahidi. Hakuniona. Baada ya muda akainuka, akazima redio taratibu, akafunga mlango, akaingia ndani. Nilimuuliza mechi imeishaje. "Imeisha vizuri," akasema. Ilikuwa bado kipindi cha kwanza.

Tangu siku hiyo hakukanyaga garini tena, na humu nyumbani akawa mtu wa kuitikia ndiyo. Ukimuuliza anataka chai au maji, anasema ndiyo. Wajukuu wakimwuliza kama wanaweza kuchora ukutani, ndiyo. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukubaliana na kiumbe yeyote bila kwanza kupuliza filimbi, alikuwa amekubaliana na dunia nzima. Iliniuma sana, na hilo nalisema bila kulipamba.

Mimi na mke wangu tulimtajia daktari, akanyanyuka akaenda kulala. Tulimtajia redio mpya, akatutazama kama wachezaji wawili wanaostahili kadi nyekundu. Ndipo nikajitwika kilemba cha vita, nikaenda dukani kwa Fundi Ngurumo, muuza vifaa vya sauti, aliyeitwa hivyo kwa kuwa miaka ya kuishi katikati ya spika ilimfanya azungumze kwa kupiga kelele hata akikuambia siri.

"CHUKUA HII!" akanguruma, akanikabidhi amplifaya iliyotosha kwenye boksi la viatu. "Redio yako ya kiwandani huigusi. Hii inapokea sauti yake, inaikuza, inairudisha kwenye spika. Lete gari kesho nikufungie."

Hapo nikapiga kifua, nikanena: "Ewe Ngurumo! Nilete gari kwako, mimi niliyepima milima jua likinichoma utosi? Mikono iliyopanda vigingi kutoka bondeni hadi kileleni, itashindwa na nyuzi mbili tatu za shaba? La, hasha! Nitalifanya mwenyewe, uani kwangu, mbele ya macho ya baba yangu!"

"Haya bosi, usinipigie kelele," akasema Ngurumo, kwa kelele. "Basi shika hili. Waya mwekundu unatoka kwenye betri, upitie kwenye fyuzi. Nyaya za spika unazikata, zinaingilia huku, zinatokea huku. Mweusi unaupeleka ardhi. Kwisha."

"Ardhi?"

"Ardhi. Tena utafute ardhi nzuri. Ardhi ikiwa mbovu, hutasikia kitu."

Ewe msomaji, hebu nihurumie. Katika watu wote waliowahi kuingia duka lile, yule bwana alimwambia Mpima Ardhi atafute ardhi nzuri! Nilitoka pale nimevimba kichwa, nikiona kwamba nyota yangu na nyota ya amplifaya zilikuwa zimeandikiwa kukutana.

Jumamosi ikapambazuka, na jioni yake palikuwa na fainali. Nikamkuta mzee barazani na kikombe chake. "Baba, leo utasikiliza mechi?" "Ndiyo," akasema, bila kunitazama. Ilikuwa ile ndiyo yake mpya, isiyo na maana yoyote, nami nikaapa moyoni kwamba kabla jua halijatua nitaivunja.

Ewe Bisibisi mwenye ncha ya msalaba! Ewe Koleo, ng'ata nikuambiapo! Nilianza kwa kumfungua betri waya wake mmoja, asije akanitumia umeme wake nikiwa sina habari. Nikakivamia kiti cha abiria, nikakizingira pande zote, kikakataa kusalimu amri. Bolti zake zilikuwa zimelala humo tangu kiwandani na hazikutaka kuamshwa. Tulipigana, mimi na kile kiti, hata mgongo wangu ukasema neno ambalo siwezi kuliandika. Mwisho kikang'oka, na chini yake nikateka nyara: kalamu tatu, pipi iliyoota manyoya, na filimbi ya mzee. Nikaupenyeza waya mwekundu kwenye tundu lenye mpira, lile linalotoka kwenye injini kuja ndani. Nikakata nyaya za spika, na nilipozikata nikajikata na kidole.

"Umejikata?" akauliza mke wangu kutoka mlangoni. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, hana haraka ya kushangaa.

"Ni damu tu, mama watoto! Ni rutuba ya ushindi! Vizazi vitakuja kusema, hapa ndipo ilipodondoka!"

"Imedondoka kwenye kiti. Plasta iko kwenye droo."

Nikailaza amplifaya mahali pake, nikaziunganisha nyaya, nikakirudisha kiti juu yake bila kukikaza. Basi ikabaki kazi moja, nayo ndiyo iliyoumbwa kwa ajili yangu. Nikashika waya mweusi, nikasimama katikati ya uwanja wangu kama mtu anayetafuta mahali pa kujenga mji. Nikapima mteremko. Nikachukua udongo, nikaufikicha, nikaunusa. Mashariki palikuwa na changarawe, nikapakataa. Karibu na bomba palikuwa na udongo mweusi, mnyevu, ulioshikana vyema, udongo ambao ningeusifia mbele ya mahakama yoyote. Nikachimba. Nikakumbuka pia kwamba mafundi wa umeme walipofunga nyumba yetu walizika fimbo ya shaba pamoja na mkaa na chumvi, wakamwagia maji. Basi nami nikaingia jikoni kwa kunyata, nikatoka na mkaa, na paketi ya chumvi, na ndoo. Nikapigilia kigingi changu bora cha chuma, nikakifunga waya, nikafukia, nikamwagia. Na ule waya mweusi, uliotoka chini ya kiti, ukapita mlangoni, ukatambaa uani hadi shimoni, ukametameta juani kwa fahari.

"Ewe ardhi!" nikanena. "Nimekutumikia maisha yangu yote. Nitumikie leo!"

Nikarudisha waya wa betri. Nikawasha redio.

Kimya. Si kukwaruza, si kunong'ona. Hata ile sauti ya uji iliyokuwapo jana haikuwapo tena. Nilikuwa nimechukua redio mbovu ya baba yangu nikaifanya bubu kabisa.

Nikaongeza chumvi. Kimya. Nikaongeza maji. Kimya, na matope.

Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. "Mpima! Gari limekuwa mbuzi? Mbona umelifunga kamba?"

"Jirani," nikanena kwa utulivu wa majemadari, "hayo ni mambo ya mawimbi. Hutayaelewa."

"Sawa. Ila mbuzi wako hali nyasi."

Nilitazama barazani. Mzee alikuwa ananitazama, mimi na ndoo yangu. Zamani angepiga ukelele, "Faulo! Toka nje!" Sasa alitikisa kichwa tu kwa upole, kama anayekubali kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa. Ule upole ulinikata kuliko koleo, na fainali ilikuwa imekaribia kuanza.

Hapo mke wangu akatoka kutafuta chumvi yake. Akaiona paketi, tupu, kando ya shimo. Akaufuata waya kwa macho, taratibu, kutoka shimoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi chini ya kiti. Kisha akaniuliza kwa sauti ile anayowauliza watoto wa darasa lake, isiyo na hasira hata chembe.

"Baba watoto, gari likiondoka, shimo tunalibeba?"

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa na jua, na mvua, na siku moja na mwenye shamba. Sijawahi kupigwa namna ile.

Nikampigia Ngurumo. Kwa kuwa sauti yake haina siri, alisikika uani kote.

"ARDHI YA GARI NI BODI LAKE, BOSI! BODI! KILE CHUMA! Unakwangua rangi, unabana waya. Kwani wewe umeupeleka wapi?"

Nikalitazama shimo, nikaitazama paketi ya chumvi. "Mtandao unasumbua," nikasema, nikakata simu. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayevunjika mbavu kwa kicheko.

Mke wangu naye alicheka, akacheka hata akaketi kwenye ndoo. Kisha akajifuta macho, akapiga magoti kando yangu, akanimulikia kwa simu yake. Nikapata bolti ya kiti iliyoshika bodi. Nikaikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikaubana waya mweusi kwa nguvu zote zilizobaki, zilizokuwa chache. Kwenye ubavu wa amplifaya kikawaka kitaa kidogo cha kijani.

Sasa kumbukeni, kama ambavyo mimi sikukumbuka, kwamba kitufe cha sauti kilikuwa bado pale mzee alipokizungusha kikagoma.

Redio ikalipuka. Mtangazaji wa fainali akatoka humo mzima mzima, mwenye kifua na mapafu, akaujaza uwanja, akaruka ukuta. Mke wangu akaziba masikio. Jirani akatoweka kama aliyevutwa miguu. Hapakuwa na kukwaruza, hapakuwa na uji. Kila neno lilikuwa na mifupa yake. "NA REFA ANASEMA NI OFSAIDI!" akapaza yule bwana. "NA MIMI NAKUBALIANA NAYE, NI OFSAIDI YA WAZI!"

Barazani, kikombe kikawekwa chini.

"Ya wazi?" akasema baba yangu.

Akainuka. Akashuka ngazi bila kushika ukuta. Akalipita lile shimo la chumvi bila kulitupia jicho, akaingia garini, akakaa kwenye kiti nilichokuwa bado sijamaliza kukifunga, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Ya wazi kwa nani? Mpira umetoka kwa beki! Wewe, kama mpira umetoka kwa beki, ofsaidi inatoka wapi? Ulikuwa umekaa wapi wewe?"

Nikajongea, nimejaa matope hadi magotini, na hotuba yangu imenipanda kooni. "Ewe baba, mzee wa filimbi, tazama leo mwanao..."

"Nyamaza, nasikiliza."

Nikanyamaza. Sikuwahi kuamriwa kitu nikakitii kwa furaha namna ile. Na mke wangu, aliyeniona uso, akanigeuzia mgongo kwa heshima ili nijifute. Mzee alibishana na mtangazaji, akabishana na kocha, akambishia mchezaji mmoja namna alivyofunga kamba za viatu. Kisha akanigeukia, amekunja uso, mkali kama zamani.

"Punguza."

"Baba?"

"Punguza hiyo sauti, mwanangu. Kwani mimi kiziwi?"

Basi enyi wa leo na enyi wa kesho, ichongwe kwenye mawe, na mawe yakikosekana ichorwe kwenye ule ukuta walioruhusiwa wajukuu: kwamba siku ya fainali, mbele ya mkewe aliyekuwa akicheka na kulia, na jirani aliyekuwa amerudi ukutani, Mpima Ardhi, mwana wa Refa, alinyoosha mkono wake mchafu, akakishika kitufe cha redio ya kiwandani, akapunguza sauti, kwa sababu baba yake amemwambia apunguze.