Spika Mbili na Masikio ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Zimefika! Spika mbili, kila moja yanifika kidevuni, nzito kama kabati lililojaa nguo. Uzito ndio siri yenyewe. Sanduku likitikisika, muziki unachafuka. Hili hata ulipige teke halitikisiki. Nimejaribu. Kidole kimevimba. Mwenye duka kanipa nizijaribu nyumbani wiki moja. Alitaka kumtuma fundi aje azifunge, nikakataa katakata. Mtu mwenye masikio kama yangu hafungiwi waya na mtu baki.

Mke wangu kaziangalia, kaiangalia meza yake ya maua iliyohamia jikoni, kasema sawa. Ila Jumapili mama yake anakuja, na mama yake kaongoza kwaya tangu ujana. Akizisifu, zinabaki. Akikunja uso, zinarudi dukani. Nimekubali. Nani atazikataa hizi?

Jumanne, 5 Machi
Hakuna besi. Kinanda nakisikia, sauti naisikia, lakini ngoma inalia kwa mbali kama imefungiwa chooni kwa jirani. Nimejiambia huo ndio usafi wa sauti.

Jioni kaja shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Naye ana spika zake, nyembamba kama mlango, na majivuno mapana kuliko mlango. Kasikiliza amefumba macho. Kisha kaniuliza, kwa upole ule wa kabla ya kung'oa jino, mwimbaji amekaa wapi. Eti spika bora hupotea, ukabaki na mwimbaji katikati, ukaweza hata kumwonyesha kwa kidole. Wa kwangu yuko kila mahali na hayupo popote. Akajitolea kutazama nyuma ya spika. Nikamwambia aende akatazame magego ya watu. Wivu tu huo!

Alhamisi, 7 Machi
Tatizo ni chumba. Kila mjuzi anajua, chumba kibaya huua spika nzuri. Nimesimamisha godoro letu ukutani na kutundika mablanketi yote madirishani. Mwimbaji bado hapatikani. Mke wangu kapatikana mara moja, anauliza tutalala juu ya nini. Nimemweleza habari za mwangwi. Kaenda kulala chumba cha watoto. Mimi nimelala na mwangwi wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama! Nimeazima sanduku la besi la kinyozi, lile linalotetemesha vioo vyake. Nimelificha chini ya kochi, pale pale atakapokaa mama mkwe. Atasikia besi, atadhani inatoka kwenye spika. Uongo kidogo, kwa nia njema.

Jumapili, 10 Machi
Ngoma ya kwanza tu, mama mkwe akaruka. Chai yote kifuani kwangu. Mke wangu kainama, kaliburuta sanduku la kinyozi mbele ya kaka yake. Aibu yangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shemeji hakungoja ruhusa. Kapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto.

"Waya mwekundu umeuchomeka kwenye tundu jeusi," akasema. "Spika moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta. Kila moja inaila besi ya mwenzake."

Kabadilisha, kaanzisha wimbo upya. Mungu wangu! Besi ikaingia sebuleni kwa miguu yake. Na mwimbaji huyo hapo, katikati, mbele ya zulia, hata anavyovuta pumzi nikamsikia. Nimelia, sifichi. Wimbo ukaisha, mama mkwe akafuta macho.

"Mwanangu, nimezipenda," akasema. "Kwangu sebule ni kubwa. Mwenye duka nitamalizana naye mwenyewe. Niletee kesho."

Mkwe kama mimi atasema nini? Nikasema ndiyo, Mama. Mke wangu alikuwa keshalirudisha godoro chumbani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimezipeleka. Mama mkwe alitaka shemeji ndiye azifunge. Nikakataa katakata, nikafunga mwenyewe. Na ile ya kushoto nimegeuza waya makusudi! Mwimbaji atapotea, mama mkwe atazichoka, atanirudishia kwa moyo mkunjufu. Mpango hauna hata tundu la sindano.

Kapiga simu sasa hivi. Mwimbaji kapotea. Nikamwambia asisumbuke, anirudishie tu. Kanishukuru, kasema hakuna haja, shemeji yuko njiani, na mke wangu yuko naye.

Sina wasiwasi. Wakiuliza nani kageuza waya, nitasema panya.