Maksai Aliyehamisha Pembe Katikati ya Filamu

Malongo, Kamanda wa Sungusungu,
Nyamahanga, Biharamulo.
Jumatano, baada ya kukamua.

Kwa Ndugu Kwizera,
Mwenye Sinema na Msemaji wa Filamu,
Mugoma, Ngara.

Ndugu Kwizera,

YAH: KUNYONGWA KWA SILASI BILA KOSA, NA JINA LA MJUKUU WANGU

Nakuandikia kwa heshima, ingawa kwa umri wangu wewe ndiye uliyepaswa kuanza kuniamkia. Nimejaribu kukupigia simu. Mara ya kwanza ulipokea, ukasikia neno "pembe", mtandao ukakatika, na tangu hapo hupatikani. Barua haikatwi na mtandao, kwa hiyo tafadhali uisome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita ulikuja kwetu na jenereta, projekta na shuka lako jeupe, ukalitundika kwenye goli la uwanja wa mpira. Ukatuonyesha filamu uliyoiita Vumbi la Wanaume. Ulitangaza kwa spika kwamba ni historia ya kweli ya Marekani, mwaka 1870, na kwa kuwa Kiingereza chao hatukielewi, ukawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake. Nakusifu, sauti ya yule mjane uliipatia.

Nakukumbusha kisa, maana najua unaonyesha nyingi. Rendoli, kijana mzuri wa sura, anaswaga kundi la ng'ombe wa mjane mmoja kwenda mnadani. Wanavuka mto mkubwa. Baada ya mto ng'ombe wanapungua, lawama anaangushiwa Silasi, mchungaji mwenzake mwenye ndevu na kovu, na mwishowe Silasi ananyongwa. Rendoli anamwoa yule mjane mwenye shamba. Watu wote wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Makofi hayajaisha, mkwe wangu Esperansia akasema uchungu umemshika. Baadaye alikiri ulianza pale mtoni, ila alitaka kuona mwisho. Akapelekwa zahanati kwa pikipiki, akajifungua salama, mtoto wa kiume. Sasa, sisi Wasukuma mtoto anaweza kuchukua jina la jambo lililotokea siku aliyozaliwa, iwe njaa, iwe mvua, iwe safari. Safari hii jambo lilikuwa filamu yako, na hapo nyumbani kwangu hakuna ubishi. Ubishi ni kwamba mwanangu Jeremia anataka mtoto aitwe Rendoli, na ubatizo ni Jumapili hii.

Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, Kwizera. Nampenda mpaka naona haya kusema. Nikimpakata, anashika kidole changu kama anayenidai kitu. Siwezi kumwacha abebe jina la mwizi wa ng'ombe maisha yake yote. Maana mwizi wa kundi lile ni Rendoli mwenyewe, na ushahidi ninao kama ifuatavyo:

1. Pembe. Kundi linaongozwa na maksai mweusi mwenye baka jeupe usoni. Mwanzo wa filamu pembe yake ya kushoto imevunjika. Baada ya mto, iliyovunjika ni ya kulia, na ya kushoto ni nzima kabisa. Nimechunga tangu sijaanza kuvaa suruali, na sijaona pembe inayohama. Huyo ni maksai mwingine. Na mtu anayeweza kubadilisha ng'ombe wa mbele, ambaye kila mtu anamwona, wale wa nyuma amewafanyaje? Mwaka juzi tulimkamata bwana mmoja aliyempaka ndama masizi ili afiche baka. Alikuwa anaapa mbele ya baraza, mkono juu, mvua ikanyesha, baka likatokea. Lakini hata huyo hakuthubutu kugusa pembe.

2. Chapa. Mwanzoni ng'ombe wamepigwa chapa kwenye paja la kulia, herufi R. Baada ya mto chapa iko paja la kushoto, na hiyo R imegeuka, miguu yake inatazama kusikotakiwa. Chapa ya namna hiyo huchomwa na mtu mwenye haraka, tena asiyejua kusoma. Bwana mifugo alipokuja kupiga chapa kwetu alikuwa na njaa na ng'ombe walikuwa wamemkanyaga, lakini herufi alizielekeza zote vizuri.

3. Namba tatu ilihusu kwa nini katika filamu nzima hakuna aliyekamua, watu wanakunywa kahawa nyeusi huku wamezungukwa na ng'ombe. Nilipomsomea mke wangu Nyamizi alicheka sana, akaniuliza kama nilitaka wakamue maksai. Nimeifuta. Namba naiacha ili ujue kwamba napokea ushauri.

4. OCD wa pale. Wewe ndiye uliyemwita OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, nami sina pingamizi. Anapomwahidi mjane haki, nyota yake iko kifua cha kushoto. Anapomkamata Silasi, iko kulia. Askari hahamishi cheo kifuani kwa jinsi anavyojisikia asubuhi. Ama nyota ile ni ya kuazima, ama OCD wa kweli alihamishwa kituo na sisi watazamaji hatukuambiwa. Halafu kesi yenyewe ilisikilizwa kilabuni, hakimu ana glasi mkononi. Sisi sungusungu tunasemwa kila siku kwamba hatufuati utaratibu, lakini hata sisi tunakunywa baada ya hukumu.

5. Umeme. Nyuma ya kanisa lao nimeona nguzo za umeme na nyaya zake, mwaka 1870. Kitongojini kwetu nguzo zimefika, nyaya bado zinasubiriwa. Kama walikuwa na umeme basi walikuwa na simu, na kama walikuwa na simu, mbona hakuna aliyepiga mnadani kuuliza ni nani aliyeuza ng'ombe? Nilimuuliza Mwalimu Idefonsi, akaniambia hilo ni kosa la watengenezaji wa filamu, hawakuangalia. Mwalimu ni mtu mwema, lakini hajawahi kuibiwa ng'ombe. Kosa moja ni bahati mbaya. Makosa mengi yanayomnufaisha mtu mmoja, hayo sisi tunayaita mpango.

6. Mkono. Hili lilininyima usingizi. Kabla ya mto, Rendoli anapiga bastola kwa mkono wa kulia, anakula kwa mkono wa kulia, anapeana mkono na watu kama mtu mwenye malezi. Baada ya mto anafanya yote kwa kushoto. Bila shaka ni watu wawili, ndugu yangu. Rendoli wa kweli alifia mtoni, na aliyepanda ukingo wa pili ni pacha wake, ambaye filamu inaficha kwamba alikuwepo. Silasi alikuwa nyuma yake majini, aliona kila kitu, ndiyo sababu ilibidi anyongwe. Hebu mfikirie yule mjane. Ameolewa na mtu asiyemjua, anayekula kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe, na hakuna hata shangazi mmoja wa kumvuta pembeni amuulize.

Najua utanijibu kwamba kovu la Silasi nalo limehama shavu. Nimeliona, sijafumba macho. Lakini Silasi alipigwa sana, na mtu aliyepigwa shavu moja hawezi kushindwa kupigwa na la pili. Hilo halina uzito.

Ushahidi huu wote nimemweleza Jeremia. Yeye ananijibu, baba, ile ni filamu tu. Nami namuuliza, kama ni filamu tu, mbona jina lake unataka liandikwe kwenye kitabu cha kanisa? Hapo anakwenda kuangalia pikipiki ambayo haina tatizo. Mama yake, Nyamizi, anatabasamu na kumbembeleza mtoto. Katekista naye amesema Rendoli hamfahamu miongoni mwa watakatifu, atauliza, lakini Silasi yumo katika Matendo ya Mitume, na alitiwa gerezani pamoja na Paulo bila kosa lolote. Bila kosa lolote, Kwizera. Tangu saa ile nimekata shauri kwamba mjukuu wangu ataitwa Silasi, ili angalau mtu mmoja duniani amsafishe yule marehemu.

Kwa hiyo naomba ufike kwetu kabla ya Jumapili, uje na spika yako, usimame palepale golini utangaze kwamba Silasi hakuiba. Watakusikiliza wewe, maana ndiwe uliyewaambia aliiba. Pili, uwaandikie waliotengeneza filamu huko Marekani wamshushe Silasi kitanzini akiwa hai. Wakishindwa, basi wamzike, kwa sababu filamu imeisha ananing'inia na watu wakaenda zao kulala. Yule mjane arudishiwe uhuru wake na shamba lake. OCD tumuachie Mungu. Na mpaka hayo yatekelezwe, nasikitika kukujulisha kwamba filamu hiyo ikionekana tena mpakani mwa kitongoji chetu, vijana wangu wataishikilia kama mali ya wizi. Filamu zako nyingine ziko huru kupita.

Nisalimie sana mama yako Febronia, mpelekee shikamoo yangu. Msalimie mkeo, watoto, na yule fundi wako wa jenereta, mwambie mguu aliochomwa na ekzosi autunze. Nyamizi anakusalimu, mtoto na mama yake hawajambo, maziwa yapo ya kutosha. Jeremia hajakusalimu, lakini nakusalimu kwa niaba yake.

Ni mimi, ninayemsemea marehemu asiye na ndugu,

Malongo
Kamanda

Nyongeza, Jumatatu.

Barua hii haikuondoka. Mvua iliharibu njia, na Nshoma wa pikipiki, niliyemkabidhi, alikaa nayo mfukoni mpaka leo asubuhi aliponirudishia.

Jana mtoto alibatizwa. Padri alipouliza jina, Jeremia alinitazama, akainamisha kichwa, nami nikajibu kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia: Silasi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Tukiwa njiani kurudi, Nyamizi akaniuliza kwa upole kama nakumbuka kwamba filamu ilipofika pale mtoni, niliinuka nikaenda nyuma ya shuka kuwafukuza watu waliokuwa wanatazama bila kiingilio. Nikamwambia nakumbuka, nilitimiza wajibu wangu. Akaniuliza nilirudi mbele saa ngapi.

Sikurudi, Kwizera. Huko nyuma nilipata dumu zuri la kukalia, na wale niliokwenda kuwafukuza wakanisogezea nafasi. Leo nimeandika R kubwa kwenye karatasi, nikaishika juani, nikaitazama kutoka upande wa pili. Nisingependa tuliongee zaidi.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakusema kabla ya ubatizo, wakati aliusikia ushahidi wangu wote, namba moja mpaka sita. Akasema jina la Rendoli ulimi wake ulikuwa unalikataa, mara Lendoli, mara Rendori, na la Silasi alikuwa anaweza kulitamka vizuri.

Basi Rendoli hana kosa. Ni mtu mmoja, na anakula kwa mkono wa kulia. Mwizi wa ng'ombe ni Silasi, na jina hilo amelibeba mjukuu wangu kwa kelele zangu mwenyewe, limeandikwa kwa wino. Usije kutangaza lolote, wala usiwaandikie Wamarekani. Filamu yako iko huru.

Lakini naomba jambo moja, na hili nakuomba kama mzazi, cheo nimekiweka kando. Mtoto atakua. Iko siku utaileta tena filamu ile, naye atakaa mbele kabisa, nitamlipia mimi. Ikifika pale wanapomvalisha Silasi kitanzi, atafungua mdomo kusema neno lake la mwisho, na wewe ndiye unayemsemea. Sema hakuiba. Sema alikuwa anamtunzia mwenzake. Kiingereza hapa hatukijui, na utakalosema wewe ndilo lililotokea.