Safari ya Kutafiti Vitanda

6 Mei, Jumatatu
Wiki ya tano ya kujitolea ugenini. Nimechoka kujitolea! Viganja vina malengelenge, godoro limebonyea katikati kama bakuli, na Mhandisi wa Pampu, ninayekaa naye chumba kimoja, ana furaha isiyovumilika. Asubuhi hii, huku akijipaka mafuta miguuni, katangaza kwamba Mama Mkuu wa kituo kamruhusu kwenda ziwani Jumamosi na Jumapili. Hoteli yenye bwawa la kuogelea! Kisa? Kafufua pampu mbili. Mbili tu! Mimi ninafundisha useremala wanawake kumi na mmoja, na nani kaniambia pole?

Sawa. Hapa naandika ukweli. Useremala siujui. Kwenye fomu nilijaza uzoefu wa miaka saba, na ni kweli nilikaa miaka saba kwenye karakana ya mjomba. Nilikuwa napokea simu. Fomu haikuuliza.

7 Mei, Jumanne
Nimekwenda ofisini kuomba mapumziko. Mama Mkuu kaniuliza vitanda sita vya wodi ya wazazi vimefikia wapi. Nikamwambia kimoja kimekamilika. (Kinayumba, lakini hakuuliza kama kinayumba.) Akasema basi nipumzike vitakapotimia sita.

Hapo akili ikanijia yenyewe. Nikamwambia ile hoteli ya ziwani ina vitanda vya kisasa. Fundi makini angekwenda kuvikagua siku mbili, ili mama zetu wajifungulie mahali pa heshima. Mama Mkuu akavua miwani. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtu wa kujitolea anayewaza kazi hata mwisho wa wiki. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nimeruhusiwa! Mhandisi kanuna mpaka mafuta yamemkauka.

8 Mei, Jumatano
Balaa. Mama Mkuu kaingia karakana na kutangaza kwamba utafiti mzuri namna hii haufai kuwapita wanafunzi. Tunakwenda wote, kwa lori la kituo. Vigelegele! Bibi Futi, mjane wa miaka sitini anayevaa futi ya kupimia mbao shingoni kama daktari na kipimo chake, kanishika mikono miwili akaniombea maisha marefu. Hajawahi kulala hotelini.

Kuna zaidi. Mwenye hoteli kasoma na Mama Mkuu. Atatulaza bure, mradi fundi amtengenezee kitanda cha chumba namba tisa kilichovunjika mguu.

Fundi ni mimi.

9 Mei, Alhamisi
Nimefunga kidole gumba bandeji nene. Msumeno, nikasema. Nesi wa kituo akasisitiza kuliona jeraha, akaifungua mbele ya watu kwenye foleni ya chai. Akasema kidole kizima kama cha mtoto mchanga. Mhandisi kacheka mpaka kamwaga chai.

Jioni mama kapiga simu kutoka nyumbani. Kawaambia majirani najenga hospitali. Sikumrekebisha. Presha yake haitaki mishtuko.

11 Mei, Jumamosi
Bwawa ni la buluu kweli! Nimeliona nikiwa juu ya lori.

Mwenye hoteli akanipeleka moja kwa moja namba tisa. Tendegu moja la kitanda limeng'oka kabisa. Nikawatuma wanafunzi wote wakapime vyumba vingine, nikafunga mlango. Gundi. Misumari kumi na minne. Nikakitikisa: kimya. Nikatandika shuka vizuri, nikachukua taulo, nikakimbia.

Miguu majini dakika kumi. Sijawahi kuwa na raha vile maishani. Hata Mhandisi nilimpungia mkono.

Kumbe Mama Mkuu naye alikuwa amekuja kuuona utafiti. Na shoga yake, mwenye hoteli, akampa apumzike chumba gani? Nikasikia kraa! Kisha kimya. Kisha sauti ya Mama Mkuu ikiita, "Fundiii!"

Nilimkuta sakafuni, miguu juu, hajaumia popote ila heshima. Wanafunzi wamejaa mlangoni. Bibi Futi akapiga magoti, akachomoa misumari yangu mmoja mmoja, akaipanga sakafuni. Kumi na minne. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akanitazama, akasema kwa upole:

"Mwalimu, ulitaka tulione kosa wenyewe, sivyo?"

Mungu ambariki. Nikasema ndivyo hasa.

Akaomba patasi. Marehemu mumewe alikuwa seremala, na kumbe kila nikienda kunywa chai, ni yeye anayefundisha darasa langu! Wakachonga tendegu jipya, wakatoboa tundu, wakaliingiza likakaa kama limezaliwa hapo. Bila msumari hata mmoja. Mimi nilishika taa. Mama Mkuu akakalia kitanda, akalala, mwisho akarukaruka. Kimya! Mwenye hoteli akawaagiza wanawake vitanda kumi na viwili papo hapo. Bibi Futi alitoka nje kulia peke yake.

12 Mei, Jumapili
Mama Mkuu kaniita kando, karibu na bwawa. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mwanangu, wewe randa unaishika kama pasi. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alingoja niseme mimi. Kuanzia kesho mwalimu ni Bibi Futi, kwa mshahara. Mimi ni mwanafunzi wa kumi na moja, mahali pake, na mfagiaji wa maranda.

Nyuma yake Mhandisi alikuwa akielea majini kama gogo.

Njia nzima ndani ya lori nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu, ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Bibi Futi alinimegea mkate wake. Nimeapa: kuanzia leo sijifanyi tena kujua nisichokijua.

14 Mei, Jumanne
Nimefagia siku mbili. Mgongo!

Habari njema. Kwaya ya kituo inakwenda kwenye mashindano mji mkuu, Ijumaa hadi Jumapili. Hoteli ya ghorofa nane, kifungua kinywa cha kujipakulia! Wamepungukiwa mwanamume wa sauti nzito. Nimemwona mwalimu wa kwaya wakati wa chai, nikamsalimia kwa sauti ya tumboni. Akauliza kama ninasoma noti. Nikamwambia nazisoma hata bila miwani.

Kanipa ubeti wa pili niimbe peke yangu. Mazoezi ni kesho. Sina wasiwasi wowote. Kuimba kuna ugumu gani? Mtu anafungua mdomo tu.