Foleni ya Makedi Niliyoipanga kwa Simu

Jumapili, 13 Julai 2025

Benchi kutwa nzima. Makedi, wabeba mifuko, tuko kumi, mimi namba kumi. Wageni waliokuja kucheza gofu saba, mifuko ya fimbo saba, zamu ikaishia kwa mtu wa saba. Sijabeba mfuko toka Jumatano. Nimeangalia chungu wakipanda ukuta wa stoo. Na wao wana foleni, ila yao inasogea.

Nyumbani dada Kibibi kaniwekea ubwabwa, hakusema kitu. Aliyesema ni shemeji Mohamedi, lakini hakusema na mimi. Alimpakata mtoto akamwambia: mjomba wako mwezi huu ukiisha bado anakuja mikono mitupu, arudi Mkange akalinde muhogo. Mtoto ana miezi minane. Mimi nilikuwa mkekani hapo hapo, tonge mkononi.

Mkange sirudi. Mwaka jana nimelinda miezi minne, napiga debe nguruwe wasile muhogo wa mjomba wangu. Nguruwe walishanizoea.

Foleni yetu inapangwa Jumatatu tu. Siku hiyo uwanja wa Mapinga hauna wageni, tunaachiwa tucheze wenyewe kwa fimbo mbovu. Kila mtu anashindana na kila mtu, shimo kwa shimo. Aliyepiga mara chache shimo lake. Ukimfunga mtu, anakupisha mbele yake wiki nzima. Pesa Mzee Haji kakataza, kamari haramu. Dau letu ni zamu. Hesabu anapiga yeye, mkubwa wa makedi, watu kumi wote kichwani, na ugomvi wake huwa unafika Alhamisi.

Ila mimi nimeona kitu. Bwana Adamu, yule wa Dar aliyejenga huku, anacheza na wenzake wanane na wote wanawekeana dau. Hawagombani. Ana programu kwenye simu. Anaandika mtu kapiga mara ngapi, simu inapanga nani kamfunga nani. Niliwahi kumbebea mfuko. Sikumuuliza kitu, naona haya. Niliangalia kidole chake tu. Kialama cha bendera ya kijani. Leo nimeitafuta, nimeipata. Bando langu lote limekwenda na hiyo.

Mwenye hesabu ndiye mwenye foleni. Nimelala na wazo hilo, tamu.

Jumatatu, 14 Julai

Nilimsogelea Mzee Haji mara tatu ndipo nikasema. Nikamwonyesha simu. Ally, namba mbili, mwenye mdomo, akauliza huyu bubu wa Mkange leo kapata sauti wapi, kainunua na bando? Wakacheka. Mzee Haji akasema sawa, leo kichwa chake kipumzike.

Basi nikawa mwandishi. Nacheza huku naandika. Kiingereza sijui, ila namba ni namba.

Tatizo moja. Sisi tuna kitu tunaita shikamoo. Mpira wa mtu mzima ukibaki karibu na shimo, kama hatua moja, hapigi tena. Mdogo wake anamwambia shikamoo, yeye anaitika marahaba, anaokota mpira wake, imehesabiwa umeingia. Humwinamishi mtu mzima kwa mpira wa hatua moja. Mzee Haji ana goti, anapewa kila shimo. Ally ana miaka thelathini na moja, lakini toka apate mtoto wa pili na yeye anataka shikamoo. Usipompa anakaa juu ya mpira wake anakuangalia.

Mimi ndiye mdogo wa wote. Sipewi na mtu. Napiga mpaka uingie, hata ukibaki upana wa kidole.

Sasa mtu akipewa shikamoo niandike ngapi? Mpira haukuingia. Nikaacha pale wazi.

Tulipomaliza shimo la tisa nikabonyeza. Simu ikafikiri kidogo. Namba moja: Ashrafu. Mimi. Namba tisa: Ally. Namba kumi: Mzee Haji.

Ally akasema simu imerogwa. Mzee Haji akaichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, miwani hana. Kisha akasema simu haina mjomba wala shangazi hapa, imesema imesema. Akabeba kigoda chake toka mbele ya foleni akaenda kukiweka mwisho, kule kunakopiga jua. Goti linalia kila hatua.

Jioni nikaifungua tena peke yangu. Nikaona. Kila palipokuwa wazi simu imehesabu mtu kafungwa shimo. Mstari wa Mzee Haji ni mweupe kama shuka, tisa zote wazi. Kadiri mtu anavyoheshimiwa ndivyo alivyoporomoka. Mimi nimeshinda kwa sababu hakuna anayeniheshimu.

Kusahihisha ni kazi ya dakika kumi. Nikazima simu, kulinda chaji.

Jumanne, 15 Julai

Namba moja. Nimekaa mahali pa Mzee Haji, penye kivuli. Kiti hakuna, kigoda ni chake. Nimechuchumaa.

Mgeni wa kwanza mama mmoja mtu mzima. Akauliza Mzee Haji yuko wapi. Nikanyosha kidole kule mwisho. Akasema anamtaka yeye. Ally akajibu kwa sauti kwamba siku hizi tunatumia teknolojia, mama, utabebewa na profesa huyu hapa.

Huyo mama kila akitaka kupiga ananiuliza shimo liko umbali gani. Nikasema mbali. Lililofuata nikasema mbali kidogo. La tatu akaacha kuuliza. Mipira miwili imeingia kwenye mikoko. Nimeukuta mmoja, na kiatu kimoja changu hakikurudi.

Lakini nimempelekea dada kilo mbili za unga na sabuni. Shemeji akamwambia mtoto: haya, naona mjomba wako kaamka.

Alhamisi, 17 Julai

Siku tatu mfululizo nimebeba. Mzee Haji siku tatu hajabeba. Anakuja alfajiri ile ile, anafagia mbele ya stoo, anakaa na kigoda chake juani. Adhuhuri anasali, anarudi, anakaa. Hajaniuliza kitu. Angeniuliza ningesema. Nashukuru haulizi. Nimejisemea Jumatatu ijayo nitaandika vizuri. Baada ya Jumamosi lakini. Jumamosi anakuja bwana Adamu na wenzake, na huwa wanachagua kedi wa kudumu kila mwezi wa saba. Kedi wa kudumu hana foleni tena.

Nimempelekea Mzee Haji chai ya dada. Akaniombea dua ndefu, kwamba Mungu anifungulie. Sikujua nitazame wapi. Niliitikia amin nikiangalia kikombe.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeupata mfuko wa bwana Adamu. Namba moja, haki yangu.

Shimo la nne nikapata wazo la kijinga. Nikataka aone kwamba mimi si kedi wa hivi hivi. Kusema siwezi, basi nikaiacha simu yangu wazi juu ya mfuko wake, ile programu ikionekana. Akaiona. Akafurahi sana. Akawaita wenzake, jamani kedi wangu anatumia programu yetu. Kedi wa kudumu ni huyu, wakasema. Nilisimama nimeshika bendera, nikasahau kuirudisha shimoni.

Akaendelea kupekua. Tuliporudi stoo, makedi wote wamekaa, akauliza kwa upendo kabisa: huyu Haji alikuwa anaumwa Jumatatu? Mbona mstari wake mtupu? Akaona na wa Ally. Akauliza hawa walipewa mpira? Nikatingisha kichwa kwamba ndiyo. Akasema ah, hukujua tu kijana, mtu akipewa unabonyeza hapa, kialama cha mkono, ona. Akabonyeza. Tisa za Mzee Haji, sita za Ally, na za wengine. Majina yakaanza kuhama mbele ya macho ya watu. Mzee Haji akapanda mpaka juu kabisa. Mimi nikashuka kama ndoo kisimani.

Bwana Adamu akacheka, akasema makosa madogo. Angeishia hapo ningepona. Lakini Ally akaniuliza, safari hii bila utani: Ashrafu, umelijua hili lini?

Nina shida moja. Nikiulizwa ana kwa ana uongo hautoki.

Nikasema Jumatatu.

Bwana Adamu akauchukua mfuko wake, akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Mzee Haji akatazama kikombe cha chai kilichokuwa chini ya kigoda chake, kile cha dada. Akasema tu, siku tano, mwanangu. Nikamwona anavyoshika goti kusimama.

Dada nimemwambia bwana Adamu hakuja.

Jumatatu, 21 Julai

Nilidhani watanifukuza. Wamenikaribisha. Mzee Haji alisema leo tucheze kama kawaida, hesabu anapiga mwenyewe.

Shimo la kwanza nikapiga mpira wangu, ukaenda hatua kumi, ukasimama kwenye majani. Ally akaja mbio, akainama, akasema shikamoo babu. Nikadhani utani. Wa pili akaja: shikamoo babu. Wa tatu. Makedi wanane, mmoja mmoja, mikono nyuma. Wa mwisho Mzee Haji mwenyewe. Aliinama na goti lake hilo, polepole, mpaka chini. Shikamoo.

Wakasubiri. Niliitika marahaba. Hakuna aliyeinuka, nikarudia. Nikaokota mpira wangu.

Shimo la pili hivyo hivyo. La tatu. Mashimo tisa. Kila nikigusa mpira mara moja, watu tisa wananiamkia, naokota. Wengine wazee kuliko baba yangu. Kufika shimo la sita nilikuwa namwomba Mzee Haji asiiname. Akasema hapana, heshima ni heshima, wewe uliitaka yote.

Kwa hesabu nimefunga watu wote. Mzee Haji akatangaza foleni ya wiki: namba moja, babu Ashrafu. Halafu akaongeza kwamba mtu mzima wa kiwango hiki kumbebesha mifuko ni dhambi. Apumzike nyumbani. Ally akanifungulia geti. Akauliza kama babu anahitaji kushikwa mkono.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningerudi kesho.

Alhamisi, 31 Julai

Mwezi umeisha. Shemeji alimwambia mtoto mjomba anarudi Mkange, mtoto akacheua. Dada Kibibi kanifungia vitumbua vya njiani, akaniuliza mbona Mzee Haji hakuja kuniaga, si tulikuwa tunapendana. Nikasema ana goti.

Jumapili, 10 Agosti, Mkange

Nguruwe wamenikumbuka. Usiku wa kwanza wamekula matuta mawili nikiwapigia debe. Mjomba kasema nina mkono mwepesi.

Huku kuna kisima kimoja cha pampu na mchana kina mama wanagombania foleni ya madumu. Jana Mwanvita na Habiba wamemwagiana maji yenyewe waliyokuwa wanayagombania. Nilikaa mbali nikaangalia. Hawana mtu wa kuandika. Nani kafika lini, nani kampisha nani, kila mtu anakumbuka lake.

Nimepata programu nyingine, ya bure, ya kupanga majina. Leo nimemsogelea mwenyekiti wa kisima, mara mbili tu safari hii, nikamwambia. Kakubali. Tunaanza kesho.

Nimeshaingiza majina yote thelathini na mbili. Dumu la mjomba nimeliweka la kwanza, kwa kujaribu tu kama inafanya kazi.