Kiti cha Dirishani

Jumatano, tarehe 4 Machi

Fundi wangu,

Tiketi zimefika. Mbili. Binti yetu kajifungua salama, anataka nikamwone mtoto. Kaka yako ananisindikiza, maana binti kasema nikisafiri peke yangu sifiki. Sijui katoa wapi habari hizo.

Tatizo ni moja: viti vimefuatana, dirisha ni moja. Nalitaka mimi. Ulitaka kujua kama mawingu kwa juu yana mshono, nami nilikuahidi pale hospitali kwamba nitakutazamia. Shemeji sijamwambia. Angenihurumia, na sitaki huruma ya mtu anayekoroma.

Alhamisi, tarehe 5

Mpango upo. Tumewekeana dau: atakayepatia ndege itakwenda kwa muda gani, huyo ndiye wa dirishani. Shemeji kasema saa moja na nusu. Maskini. Jana binti alinipigia simu akasema, "Baba usisahau, ndege ni saa tatu." Basi nikataja saa tatu. Nikajifanya nakisia tu, hata kichwa nikakikuna.

Ijumaa, tarehe 6

Nimehakikisha. Nimepima kwenye atlasi ya shule kwa uzi wako mwekundu, ule uliobaki kwenye cherehani. Nikaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, hadi mjini kwa binti. Kilomita elfu mbili na mia tatu. Saa tatu hizo, bila ubishi.

Shemeji akachungulia, akauliza tangu lini ndege ikapita darajani. Akauvuta uzi ukanyooka kutoka mji hadi mji. Nusu nzima ikabaki inaning'inia. Nimemwambia aache wivu. Uzi nimeuviringa kwenye kidole, kama ulivyokuwa ukifanya, nikaurudisha kwenye cherehani.

Jumamosi, tarehe 7

Uwanjani, dada wa kaunta katuambia tuharakishe, ndege ni saa tatu. Nikamgeukia shemeji kwa maringo. Kisha nikamwuliza dada, na kuondoka je, ni saa ngapi? Akasema kuondoka ndiyo hiyo saa tatu. Angani ni saa moja na nusu. Shemeji alicheka hadi akakalia begi la watu.

Kosa ni la binti.

Nikajaribu kizunguzungu. Nikasema daktari kaniagiza nikae penye mwanga. "Daktari yupi, shemeji? Yule wa meno?" Akakaa dirishani, miguu kainyoosha.

Ndege ikapaa. Akatazama chini mara moja tu. Akashusha pazia, akanishika mkono kama bibi harusi, akanong'ona, "Shemeji, hamia huku. Na usiniulize kitu."

Nikahamia. Sikumwuliza.

Hayana mshono, Fundi. Nimetafuta njia nzima. Ni kitambaa kimoja, kimekunjwa ovyo. Ungetamani kukipiga pasi.

Jumatatu, tarehe 9

Mtoto ana vidole vyako, virefu vilevile. Kanishika kidole gumba, hataki kukiachia.

Tunarudi Ijumaa. Shemeji, kwa kuwa yuko chini, ushujaa umemrudia. Analitaka dirisha tena. Tumewekeana dau jipya. Yeye kang'ang'ania saa moja na nusu ileile. Mimi nimetaja saa mbili na robo. Nimefikiri vizuri safari hii: kwetu ni milimani, kwa hiyo kurudi ndege itakuwa inapanda. Nimemweleza binti, akacheka sana. Naona kakubali.

Nikilipata dirisha nitakupungia mkono. Nawe huko ulipo, unikumbuke.